Mkono Nje ya Dirisha la Lori

Port Ambrose, Jamaika
14 Januari 1962

Mdogo wangu Ionie,

Salamu za mama zinatangulia, maana amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha naziandika kabla ya neno jingine lolote. Mguu wake una nafuu tangu aanze kuukanda kwa yale mafuta uliyotuma. Ngazi za kanisani bado zinamshinda, na kubebwa hataki. Anasema atabebwa siku moja tu, na siku hiyo hatakuwa na la kusema. Mshelisheli wa uani umezaa mpaka tunagawa kwa majirani, hata kwa wale tusiosalimiana nao.

Sasa habari yenyewe. Mji umevamiwa na Waingereza. Unavikumbuka vile vitabu vya jasusi vyenye bastola kwenye jalada, vilivyokuwa vinauzwa dukani kwa Bwana Lue? Wanakitengenezea filamu kimojawapo, na wamekuja kuipigia hapa. Jasusi mwenyewe ni kijana mrefu ambaye hata wao wanasema hajulikani kwao. Ikipendwa, watatengeneza kitabu baada ya kitabu. Isipopendwa, wanasema, kila mtu atarudi kuuza viatu. Mimi wamenichukua niangalie magari yao, kwa sababu yanakohoa kwa joto la huku.

Na Ferdie wako naye kapata kazi. Kuna mahali lori la ndizi linamkimbiza jasusi juu ya gati la zamani, linamkosa, linatumbukia baharini. Walimleta mtaalamu wa mambo hayo kutoka kwao, akala kaa siku ya pili, tumbo likamlaza. Msaidizi wa mwongozaji, mtu anaitwa Bwana Lomax, akatuuliza nani anaweza. Ferdie akainua mkono.

"Unajua kuogelea?" akaulizwa.

"Bwana, nilijua kuogelea kabla ya kutembea. Kutembea ndiko bado najifunza."

Wote wakacheka, na kazi akapewa. Anasema malipo yake yatatosha nauli ya meli, na mwezi wa Mei atakuwa mlangoni kwako. Tangu apate barua yako ya Krismasi hatulii. Sijui ulimwandikia nini.

Kaka yako,
Wilbert


Brixton, London
28 Januari 1962

Kaka Wilbert,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za bweni la manesi nikiwa bado na koti la wodini, maana sikuweza kungoja mpaka chumbani. Mwambie mama asiache kukanda mguu hata ukipoa, na apande ngazi kwa mguu mzima kwanza. Mimi ni mzima. Baridi ya hapa mtu hazoei, anachoka tu kuilalamikia. Mwezi wa Juni nina mtihani, na sista wa wodi yetu ananiita "yule msichana" kana kwamba niliingia kazini jana.

Kitabu hicho nimekisoma. Mgonjwa mmoja aliyevunjika nyonga aliniazima. Mtunzi anajua vizuri jina la kila kinywaji kilichopo duniani, lakini dereva wa lori hakumpa jina. Anakufa katika mstari mmoja, na mstari unaofuata jasusi anaagiza chakula cha jioni. Mwambie Ferdie nimesema hivyo, kwamba asijidhani mwigizaji.

Lakini mwambie pia awe mwangalifu. Akague hilo lori mwenyewe. Na wewe ulikague, maana wewe ndiye fundi na yeye ndiye mtu wa mzaha.

Huku sheria inapita bungeni. Kuanzia tarehe moja Julai hakuna kuingia ovyo kama tulivyoingia sisi, mpaka mtu awe na karatasi ya kazi. Kwa hiyo Mei ni vizuri. Kuhusu barua yangu ya Krismasi, hayo ni ya watu wawili.

Dada yako,
Ionie


Port Ambrose
25 Februari 1962

Ionie,

Samahani kwa kukawia, kazi ilikuwa nyingi. Mama anasalimu. Mguu uko vilevile. Mvua imenyesha isivyo kawaida na barabara ya mlimani imekatika mahali pawili.

Waingereza wamemaliza na wameondoka. Wanaenda kumalizia sehemu za ndani huko kwenu, kwenye majumba yao ya kupigia picha. Bwana Lomax amenipenda. Amesema kama filamu hii ikienda vizuri na ya pili ikaanza, watanitafutia karatasi niwe fundi wao huko. Kwa hiyo huenda tukaonana.

Ferdie hawezi kuandika kwa sasa. Nitakueleza nikipata nafasi. Soma vitabu vyako, usijisumbue na mambo ya huku.

Wilbert


Brixton
18 Machi 1962

Wilbert,

Salamu kwa mama. Kwako sina.

Jumapili iliyopita kanisani alikuja mwanamke aliyeshuka melini Jumanne, Dada Myrtle, yule aliyekuwa akishona sare za shule karibu na posta. Alinishika mikono miwili, akaniambia, "Pole, mwanangu, nilisikitika sana kusikia." Nikamuuliza kusikia nini. Akaniachia mikono. Alinitazama, kisha akamtazama mchungaji kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Nilielezwa kifo cha mchumba wangu na fundi cherehani, mbele ya birika la chai, watu wakipita na biskuti. Tarehe 9 Februari, akasema. Wewe uliniandikia tarehe 25. Ukaniambia hawezi kuandika kwa sasa.

Niandikie ilivyokuwa. Usinichagulie maneno.

Ionie


Port Ambrose
2 Aprili 1962

Mdogo wangu,

Mama analia tangu barua yako isomwe. Yeye ndiye aliyesema nisikwambie mpaka upite mtihani, na mimi nilikubali haraka kwa sababu ya woga. Tusamehe.

Ni kweli. Lori lilitumbukia kama lilivyopangwa, lakini Ferdie hakutoka. Mimi siku ile nilikuwa karakana, nilisikia kelele nikakimbia. Vijana walizama mara tatu kabla ya kumpata. Daktari alikuja, lakini hakukuwa na kazi ya daktari.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika mahakamani baada ya wiki moja. Hakimu aliamua kwamba ni ajali, na kwamba marehemu alikuwa amekunywa. Nisingependa uyasikie kwa mwingine. Alikunywa ramu asubuhi ile kujipa moyo. Ndivyo ilivyoandikwa. Kwa ajili hiyo mchungaji alikataa kumzika upande wa waumini, na amelazwa nje ya ua, karibu na barabara. Matanga yalikaa siku zote tisa, watu walikuja wengi, domino zilichezwa, kahawa ilikuwepo. Bi Keturah mama yake hakutoka chumbani.

Paa la Bi Keturah lilikuwa linavuja. Nimeanza kumtengenezea.

Kaka yako,
Wilbert


Brixton
20 Aprili 1962

Kaka,

Mwambie mama nimemsamehe. Mguu wake usiachwe kwa sababu ya machozi.

Wewe unamjua Ferdie tangu mkiwa na suruali moja moja. Baba yake alikufa na chupa mkononi, na Ferdie ndiye aliyemkuta, akiwa na miaka kumi. Alikuwa hali hata keki ya Krismasi kwa sababu ya ramu iliyomo. Siku mama alipomlazimisha alikula zabibu zake moja moja akizinusa kwanza, na wewe ulimcheka mpaka ukapaliwa. Mtu huyo ndiye mnayesema alikunywa asubuhi?

Nani alimwona akinywa? Nataka jina la mtu.

Ionie


Port Ambrose
12 Agosti 1962

Dada Ionie,

Hongera kwa kupita mtihani. Mama aliipeleka barua yako kanisani ikasomwa mbele ya watu, na kwa siku hiyo alipanda ngazi zote bila mtu.

Tumepata uhuru. Jumatatu iliyopita bendera mpya ilipandishwa mbele ya mahakama, watoto walipewa vikombe vyenye rangi zake, na bendi ya polisi ilipiga mpaka mpiga tarumbeta akazimia kwa jua. Nilitamani ungekuwepo. Kila mtu anasema sasa mambo yatabadilika. Bwana Lue amepaka duka lake rangi ya kijani.

Bwana Lomax ameandika kwamba filamu imekamilika na itaonyeshwa huko kwenu mwezi wa Oktoba. Usiende kuitazama. Nakuomba hilo moja.

Kuhusu lile uliloniuliza, limepita. Hakimu alishasema.

Wilbert


Brixton
21 Oktoba 1962

Wilbert,

Salamu kwa mama. Nimemtumia soksi za sufu, azivae hata kama hakuna baridi, zinabana mguu vizuri.

Nilikwenda. Nilikwenda na Bridie, nesi mwenzangu wa Ireland, kwa sababu peke yangu nisingeweza. Foleni ilizunguka kona mbili. Watu wameipenda filamu yenu. Karibu kila basi limebandikwa picha ya yule kijana mrefu na bastola yake, na mlango mzima wa sinema umeandikwa kwamba atarudi mwakani katika kitabu kingine. Kwa hiyo hakuna atakayerudi kuuza viatu.

Gati letu likatokea. Nililitambua kwa ile nguzo iliyopinda. Jasusi anakimbia, lori linamfuata, anaruka pembeni, lori linapita. Ferdie haonekani uso. Lakini kabla lori halijafika ukingoni, mkono ulitoka dirishani na kupunga. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi, kile kilichokatwa na panga. Kisha likazama. Kamera ikatulia pale juu ya maji, mapovu yakipanda, na yule kijana akajifuta vumbi begani na kusema kwamba ndizi zimefika sokoni. Sinema nzima ikacheka. Mwanamume wa mbele yangu alicheka akikohoa. Mapovu yale, Wilbert, ni mchumba wangu.

Bridie alitaka tutoke. Sinema za hapa hakuna anayekufukuza, ukikaa wanaanza tena. Nikakaa. Niliitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona yeye. Mara ya pili nililitazama lori. Lilikwenda limenyooka kama uzi juu ya gati ambalo mtu mwenye akili timamu angelitembea kwa hofu. Mlevi haendeshi vile.

Mara ya tatu nikaangalia mkono. Hakuipungia kamera. Kamera zilikuwa upande wa maji. Yeye alipunga upande wa bara, pale kwenye ghala la zamani linakoegeshwa malori, ambako hakuna mtu angesimama isipokuwa mafundi wa magari. Alipunga kama mtu anayemjibu mtu.

Uliniambia ulikuwa karakana.

Alikuwa anampungia nani?

Ionie


Port Ambrose
18 Novemba 1962

Ionie,

Nimeianza barua hii mara nne. Mama yupo, mzima, hajui ninachoandika.

Alikuwa ananipungia mimi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Mchana ule walilijaribu lori mara moja bila kulitumbukiza, liende mpaka karibu na ukingo lisimame. Mlango wa dereva ulikuwa na kitasa kibovu, ukafunguka njiani ukapigapiga, na picha ikaharibika. Bwana Lomax alikuja kwangu mbio. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya mlima, na walikuwa na siku ile moja tu ya gati.

"Wilbert, ufunge huo mlango," akaniambia.

"Kitasa kimekufa, bwana. Labda niufunge kwa waya."

"Funga kwa waya."

"Atatokaje?"

"Atatoka dirishani. Dirisha liko wazi, si unaliona? Yeye ni samaki."

Nikafunga. Nilipitisha waya kwa nje, mizunguko mitano, nikakaza kwa koleo. Ferdie alikuwa amekaa mbali kwenye gogo, wakimpaka rangi za uso. Nikasema, "Ngoja nimwambie." Bwana Lomax akanishika mkono. "Usimchanganye sasa hivi, nitamwambia mimi. Wewe toka kwenye picha."

Nikaenda kusimama pale kwenye ghala. Nilimtazama Bwana Lomax akienda. Hakupita kwa Ferdie. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamera, akaanza kubishana na mtu wa taa. Ferdie alipandia upande wa pili, kwa sababu upande wa dereva ulikuwa umeelekea kamera na walikuwa wamemwambia asiuchafue kwa vumbi. Kwa hiyo waya hakuuona kabisa.

Nilijua hajui. Hilo ndilo nililolificha. Nililijua wakati ule ule.

Injini ikawaka. Nikainua mkono juu, nikampungia, kwamba simama, ngoja. Sikupiga kelele. Kelele ingeharibu picha tena, na Bwana Lomax alishaniahidi Uingereza. Nilipunga tu mkono. Yeye akaniona. Alicheka, nilimwona meno, akatoa mkono wake akanipungia, kama tulivyokuwa tukipungiana kila asubuhi akipita na lori la ndizi.

Vijana waliomtoa walisema alikuwa ameushika mlango. Kiwiko kilikuwa kimechubuka mpaka mfupa. Sijui kwa nini hakulifikia dirisha. Huenda lilibanwa na mchanga wa chini, lori lilielemea ubavu ule, na mlango wa pili ulizuiwa na uzito wa maji. Nilizama mimi mwenyewe mara ya mwisho, nikakata waya kabla polisi hawajafika, nikautia mfukoni.

Kabla ya mahakama Bwana Lomax alinialika hotelini, akanipa chakula. Hakunitisha. Ingekuwa afadhali angenitisha. Alisema, "Hii ni filamu ya kwanza. Ikipata doa hakuna ya pili, na watu mia mbili watakosa kazi, na wewe pia. Na kumbuka ni nani aliyeufunga mlango." Kisha akaniuliza kama watu wa huku huwa hawanywi asubuhi.

Uliuliza jina la aliyemwona akinywa. Jina ni Wilbert Rattray. Nilishika Biblia nikasema hivyo.

Karatasi yangu ya kazi imefika. Natakiwa huko mwezi wa Machi, filamu ya pili inaanza. Nimeiweka chini ya godoro. Niambie nifanye nini.

Kaka yako, kama bado,
Wilbert


Brixton
2 Desemba 1962

Wilbert,

Barua yako naituma irudi ndani ya hii. Mimi si wa kwanza aliyestahili kuisoma.

Bi Keturah hajui kusoma. Nenda kwake ukamsomee mwenyewe, yote, bila kuruka hata neno. Usimtume mchungaji wala mama. Kisha uipeleke kwa hakimu. Ukimaliza, uniandikie alichosema. Usinieleze ulivyojisikia.

Msalimu mama.

Ionie


Port Ambrose
20 Januari 1963

Ionie,

Nimefanya.

Nilimkuta Bi Keturah barazani akibambua mbaazi. Aliniambia nikae, akanisogezea bakuli nimsaidie kama kawaida, nikasema leo nimekuja kusoma. Akadhani ni barua yako. Nikamwambia ni yangu. Nikasoma. Aliendelea kubambua. Nilipofika mwisho akasema, "Soma tena pale pa waya." Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma mara ya tatu.

"Kwa hiyo hakunywa," akasema.

"Hakunywa, Bi Keturah."

"Mwaka mzima kila Jumapili nakwenda pale kaburini kumgombeza. Namwambia, umekuwa kama baba yako. Namwambia nilikukosea wapi." Alizitazama mbaazi. "Mwaka mzima namtukana mtoto wangu naye amelala kimya."

Nilipiga magoti, akaniambia niinuke, sakafu yake ameifagia sasa hivi.

"Hilo paa uliloniezekea," akasema, "ningekuwa na nguvu ningelibomoa. Lakini mvua zinakuja na mimi ni mzee. Litakaa. Wewe usije tena. Ukinikuta njiani, vuka upande wa pili."

Kwa hakimu karani alichukua maelezo yangu na kuyagonga mhuri. Hakimu wa zamani amesharudi kwao Uingereza, mpya ana miezi miwili tu. Aliniita ofisini. Alisema kampuni haipo tena kisiwani, na kuwaandikia kutachukua muda, na hakuniahidi kitu. Kiapo cha uongo, akasema, hakihitaji kuandikiwa mtu yeyote ng'ambo, kwa sababu mimi nipo hapa. Kesi yangu itasikilizwa tarehe 4 Machi. Huenda ikawa miezi sita, huenda zaidi. Nilimwandikia Bwana Lomax kwamba nimesema kweli. Alijibu kwa mistari miwili, na jina langu alilikosea. Nafasi imejazwa.

Mchungaji naye nilimpa barua, akaisoma madhabahuni. Ibada ilipokwisha wazee wakabaki kujadiliana kuhusu kaburi. Kumfukua hawakutaka. Jumamosi walikwenda wanaume kumi na mmoja na mitaimbo, wakang'oa nguzo za ua, wakauhamisha hatua sita kuelekea barabarani. Ferdie sasa yuko ndani. Nilitazama nikiwa upande wa pili wa njia, kwa sababu Bi Keturah alikuwepo.

Mama haongei nami. Ananiwekea chakula, anakifunika, anaondoka. Jana alinipa soksi zako nizianike.

Uliniambia nisikueleze nilivyojisikia, kwa hiyo naishia hapa.

Wilbert


Brixton
10 Februari 1963

Kaka Wilbert,

Huku theluji imelala tangu Krismasi haijaondoka. Mabomba yamepasuka wodini, tunachota maji kwa ndoo kama nyumbani. Wazee wanaletwa kila siku wakiwa wamekauka kwa baridi ndani ya vyumba vyao, na wengine hawarudi. Mimi ni mzima.

Nimesoma barua yako, na habari ya ua nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine. Bi Keturah ameniandikia kwa mkono wa mwalimu. Amesema nisikuchukie kwa niaba yake, hiyo ni kazi yake na ataifanya mwenyewe.

Kuna jambo sikulisema, na haitakuwa haki ulale gerezani ukidhani mwenye deni kwa Ferdie ni wewe peke yako. Uliniuliza nilimwandikia nini Krismasi. Nilimwandikia kwamba nimechoka kungoja. Kwamba kuna daktari mmoja hapa, mtu wa Barbados, anayenitazama vizuri. Daktari huyo hakuwepo, Wilbert. Nilimtunga. Nilitaka Ferdie aone wivu afanye haraka. Nilimwambia kama Julai itamkuta bado huko, asijisumbue kuja tena. Hakunijibu kwa ukali. Alijibu kwamba ataogelea ikibidi. Wiki mbili baadaye akainua mkono mbele ya Bwana Lomax.

Ningemngoja hata miaka kumi. Hilo hakulijua.

Basi wewe ulifunga mlango, na mimi ndiye niliyempandisha lorini. Sikuandikii haya ili tufarijiane. Sidhani nitakusamehe mwaka huu, na sikuombi wewe unisamehe, maana hukukosewa. Nilitaka tu uijue yote, kama nilivyotaka kwako.

Wiki iliyopita kwa mgonjwa mmoja nilikuta gazeti lina picha ya yule kijana mrefu akicheka mbele ya jengo kubwa. Wanajiandaa na filamu ya pili. Wanasema hii itakuwa na treni, na mapigano makubwa zaidi. Bridie alitaka kulichana. Nilimkataza, gazeti ni la mgonjwa.

Tarehe 4 Machi simama wima, useme ukweli uleule bila kuupamba wala kuupunguza. Ukifungwa, mama nitamtumia mimi cha kumtosha, usiwe na wasiwasi juu yake. Mwambie aongee nawe kabla ya siku hiyo, sema mimi ndiye niliyeomba.

Nitaandika nitakapoweza. Ukiona kimya, usidhani barua imepotea njiani.

Ionie